Neno "Safari" Katika Kiingereza na Katika Kiswahili cha Pwani ya Kusini

Maneno ya Kiingereza yaliyotoka katika Kiswahili ni machache, na katika hayo hakuna lililoenea kama safari. Kuenea huko kumezua dhana potofu kwamba neno la Kiingereza na la Kiswahili ni neno moja lenye maana moja.

Asili yake ni neno la Kiarabu safar, yaani kwenda kutoka mahali hadi mahali. Lisichanganywe na jina la mwezi wa Safar, ambao Waswahili huuita Mfunguo Tano: kwa Kiarabu jina la mwezi huandikwa kwa swadi, na neno la mwendo kwa sini. Matamshi ya Kiswahili ndiyo yaliyoifuta tofauti hiyo.

Richard Burton, katika kitabu chake cha 1860 kuhusu nchi za maziwa, alilitumia neno hili kwa maana ya msafara, yaani kundi la watu na mizigo yao. Wawindaji wa Kizungu waliofuata walilifinya. Theodore Roosevelt alipoteremka Mombasa mwaka 1909, safari kwa Kiingereza ilikuwa imekwisha kufungamana na bunduki. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kamera ilishika mahali pa bunduki, na neno likabaki lilelile.

Msambweni yafaa kuwa kipimo cha jambo hili. Kaskazini yake, huko Diani, safari wanayouziwa watalii ni ya kwenda kutazama wanyama Shimba Hills au Tsavo. Msambweni kwenyewe, mtu hufunga safari ili ampeleke mgonjwa hospitali, ahudhurie maziko Vanga, au avuke mpaka kwenda Tanga. Mdigo, azungumzapo lugha yake, huiita charo. Tena husemwa, "Safari hii mvua imechelewa," ilhali hakuna anayekwenda popote. Hapo safari ni mara. Maana hii haikuingia katika Kiingereza.

Kwa hiyo kamusi inayofasiri safari ya Kiingereza kwa safari ya Kiswahili haijafasiri kitu. Msomaji wa Kiswahili ataambiwa kwamba mgeni "alikwenda safari", asijue kwamba alikwenda kutazama tembo. Kinyume chake kina madhara zaidi: safari ya mgonjwa wa Msambweni, ikiachwa vivyo hivyo katika tafsiri ya Kiingereza, itasomwa kama matembezi ya anasa. Taabu inayotajwa na methali "Msafiri kafiri" itakuwa imeondolewa.

Yafaa basi neno la Kiingereza lielezwe, kwa kadiri ya muktadha, kuwa ni uwindaji au ziara ya kutazama wanyama. Neno la Kiswahili nalo litafutiwe visawe vyake vya Kiingereza, kimoja cha mwendo na kingine cha mara, wala lisiachiwe mfasiri avivu kwa kuwa tu sura yake yafahamika London.