Anza na dengu: namna ya kupima mapishi ya Kihindi mjini Kigoma

Ukiingia kwenye mgahawa wa mapishi ya Kihindi mjini Kigoma, weka biriani kando kwanza. Biriani ni chakula cha karamu. Samli, nyama na vitunguu vya kukaanga vinaweza kuficha uzembe mwingi wa mpishi. Mapishi ya nyumbani hupimwa kwa dengu. Agiza bakuli la dengu, chapati kavu mbili na achari, kisha kula polepole.

Dengu zilizoiva sawasawa hupondeka zenyewe na rojo lake hushikana. Ukiona maji yamejitenga pembeni mwa bakuli, jua zilichemshwa nusunusu zikaongezwa maji mteja alipofika. Halafu inama unuse. Dengu huungwa mwishoni kabisa: mafuta yanapata moto, jira inatiwa, ikianza kuruka na kunukia vinafuata kitunguu saumu na pilipili kavu, na vyote vinamiminwa juu ya dengu papo hapo. Kazi hiyo ni ya muda mfupi sana, lakini ndiyo inayoonyesha mkono wa mpishi. Okota punje moja ya jira kwa kijiko uitazame. Inatakiwa iwe ya kahawia. Ikiwa nyeusi, uchungu wake umeshaingia kwenye bakuli zima. Ikiwa imebaki na rangi yake ya dukani, mafuta hayakupata moto na harufu imebaki ndani ya punje.

Kigoma ina mtihani wake wa ziada, nao ni mawese. Yanapatikana kila mahali, na mpishi hushawishika kuyatia kila chungu. Mimi nasema mawese hayafai kuungia dengu, kwa sababu ladha yake nzito huimeza jira. Mahali pake ni kwenye mchuzi wa samaki, pamoja na nyanya, tangawizi na pilipili, mradi yasiunguzwe mpaka wekundu ukapotea. Mpishi anayejua lini atumie mawese na lini ayaache, huyo kaa kwake.

Njia inayoleta viungo katika mji huu nayo ina historia ndefu. Misafara mingi iliyotoka pwani kuja Ujiji, jirani ya hapa, katika karne ya 19 iliendeshwa kwa mikopo ya matajiri wa Kihindi wa Unguja; mmoja wao, Taria Topan, ndiye aliyemkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, safari ya miezi ikawa ya siku. Hata hivyo, hapa bado ni mwisho wa njia, na bizari ya kusagwa hupoteza harufu kila siku inayokaa kwenye pakiti. Ndiyo maana jiko makini hununua iliki, jira na giligilani nzima, likazikaanga bila mafuta na kusaga kwa kiasi cha kupikia. Bizari iliyochoka utaitambua ulimini: inaacha vumbi na rangi, basi. Mchuzi unaong'aa kwa wekundu au unjano kupita kiasi usikuvutie. Mara nyingi hiyo ni rangi ya chakula. Mchuzi wa vitunguu vilivyokaangwa kwa subira huwa na rangi ya udongo, na mafuta yake hupanda juu yenyewe.

Chapati kavu iletwe ikiwa imetoka motoni sasa hivi. Ichane, uangalie ukingo: mstari mweupe unaong'aa ni unga mbichi. Achari ya embe iwe na vipande vinavyolia vikitafunwa, haradali na uwatu vionekane, na mafuta yafunike juu. Ujiji ina miembe mingi mno, kwa hiyo mgahawa wa hapa unaoleta achari ya chupa ya dukani hauna udhuru.

Usipuuze mboga. Nyumba nyingi za Wahindi wenye asili ya Gujarati hazipiki nyama kabisa, hivyo ufundi wao wote uko kwenye bamia, bilinganya, viazi na mbaazi. Bamia zenye utelezi zimetiwa maji au zimefunikwa mapema. Zikaushwe kwanza kwa kitambaa, zikatwe, zikaangwe sufuria ikiwa wazi.

Mwisho ni samaki. Kuhe ana nyama ngumu kiasi, anavumilia mchuzi wa masala bila kuvunjika. Mgebuka ana mafuta yake mwenyewe na huiva haraka. Akipikwa kwa muda mrefu anasambaratika, akizidishiwa bizari ladha yake inapotea. Kumbuka pia kwamba dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, mitumbwi mingi hupumzika. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kabisa kwa miezi 3, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Mgahawa ambao mgebuka wake ni "wa leo" kila siku ya mwaka unauza samaki wa kwenye friji. Kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza: huyu ametoka ziwani lini? Mpishi akikuambia leo hakuna, mwamini, agiza bamia, urudi mwezi ukishapungua.