Waongozaji Watatu kwa Simfoni Moja

Simfoni ya Nne ya Charles Ives ilipigwa nzima kwa mara ya kwanza tarehe 26 Aprili 1965, katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, karibu miaka 11 baada ya mtunzi wake kufariki. Jukwaani walikuwepo wanamuziki wa American Symphony Orchestra na kwaya ya Schola Cantorum, na kazi ya kuwaongoza ilibebwa na watu watatu: Leopold Stokowski, aliyekuwa na umri wa miaka 83, na wasaidizi wake José Serebrier na David Katz. Usiku ule husifiwa zaidi kwa ujasiri wa mzee huyo. Ujasiri ulikuwepo, lakini kilichoiokoa simfoni ni uamuzi wa kiufundi: Stokowski alikiri kwamba mkono mmoja hautoshi, akayagawa mapigo.

Kwa kawaida okestra hufuata mkono mmoja, na hata nota zikiwa ngumu namna gani, wote huhesabu pigo lile lile. Ives alilivunja sharti hilo makusudi. Katika sehemu ya pili ya simfoni, kundi moja hushikilia mwendo wa taratibu huku jingine likizidi kukimbia mpaka yapotezane kabisa. Katika sehemu ya mwisho, wapiga ngoma na matoazi huanza peke yao, kisha huendelea na mwendo wao bila kuwafuata wenzao. Kuna pia fidla chache na kinubi zinazotakiwa zisikike kwa mbali. Mwongozaji aliye peke yake hapa huvutwa na kishawishi cha kuisawazisha miendo ili ikutane kwenye pigo moja. Akifanya hivyo kazi yake hurahisika, lakini muziki wa Ives huwa umekwisha, kwa sababu uzito wake wote uko kwenye kutokukutana huko.

Historia inaonyesha ugumu huo. Mwaka 1927 Eugene Goossens aliongoza sehemu mbili za kwanza tu, katika ukumbi wa Town Hall, New York, na sehemu ya tatu ikasikika mwaka 1933 kwa mpangilio wa Bernard Herrmann. Hata mwaka 1965 kazi ilianzia kwenye karatasi, kwani miswada ya Ives ilikuwa imejaa mifuto na nyongeza, na wanakili wa Mkusanyo wa Fleisher, hazina ya nota za okestra huko Philadelphia, ndio walioigeuza kuwa nota za kupigika. Kisha yakahitajika mazoezi mengi kuliko kawaida, yaliyolipiwa kwa ruzuku ya Rockefeller Foundation. Maandalizi haya nayo ni sehemu ya sanaa, ingawa wahakiki huyapita haraka.

Wapo wanaosema kwamba muziki wenyewe ni vurugu, hivyo usahihi wote huo ni kazi bure. Hoja hiyo inachanganya wingi na fujo. Ives alijenga simfoni yake juu ya tenzi za kanisani alizokua nazo katika mji wake wa Danbury, na ule unaotawala sehemu ya mwisho unajulikana hata kwa waumini wanaoimba kwa Kiswahili: ni wa mtu anayeomba kumkaribia Mungu wake. Kwaya huushika bila maneno, juu ya ngoma zisizokubaliana nao. Kila tabaka likishika mwendo wake barabara, sikio huweza kuufuata utenzi huo katikati ya kelele. Matabaka yakitelezeana, msikilizaji hubaki na kelele tupu.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka kwa Serebrier mwenyewe, aliyeirekodi simfoni hiyo mwaka 1974 na London Philharmonic akiwa mwongozaji pekee. Je, basi wale wawili wa ziada walikuwa pambo? Sidhani. Serebrier alikuwa ameijua kazi hiyo kwa ndani, akiwa amelibeba tabaka moja kwa mikono yake huku wenzake wakibeba mengine. Aidha, nota safi zilikuwepo tayari, na rekodi ambayo Stokowski aliifanya mara baada ya onyesho ilikuwa imewapa wanamuziki picha ya sauti wanayoitafuta. Mtu mmoja aliweza mwaka 1974 kwa sababu watatu walikuwa wameshathibitisha mwaka 1965 kila tabaka linakwenda vipi, na kwamba yote yanaweza kusikika pamoja.