Gia ya Kushukia

Saa kumi alfajiri Mtae bado imefunikwa na ukungu. Dereva anapiga honi moja ndefu, ananyamaza, anapiga nyingine. Haupiti muda, tochi za simu zinaanza kutokeza vichochoroni, na nyuma ya kila tochi kuna mtu na mzigo wake: gunia la karoti, tenga la matunda, kuku waliofungwa miguu, mwanafunzi na tranka lake la bati. Hapa ndipo Usambara inapoishia. Hatua chache kupita nyumba za mwisho, ardhi inakatika, na kukipambazuka utaiona nyika ya Mkomazi chini kabisa, imetandazika hadi upande wa Kenya.

Mimi huwahi. Kiti cha mbele pembeni ya dereva nakipenda, lakini sababu hasa ni kuona mzigo ukipangwa, maana safari ya mlimani huamuliwa hapo. Konda yuko juu ya keria, utingo yuko chini kwenye buti, na hawaongei sana. Vizito vinakwenda chini, katikati ya magurudumu: viazi, karoti, lumbesa za kabichi. Juu vinabaki vyepesi, magodoro na matenga matupu. Basi lililobeba uzito kichwani huyumba kila kona, na kutoka Mtae hadi Mombo ni kona tupu. Mzigo ukishafungwa, konda haukagui kwa macho. Anausukuma kwa goti, anaivuta kamba, kisha anaipiga kwa kidole kama mtu anayejaribu uzi wa zeze. Siku ninayoisimulia, kamba moja haikumridhisha. Akaifungua yote. Abiria waliokwisha kuketi wakaanza kunung'unika, hakuwajibu. Akafunga upya, akaipiga tena kwa kidole, ndipo akashuka.

Mlangoni alikuwa amesimama bibi mwenye mkongojo.

“Shikamoo bibi. Nipe mkono, mguu weka hapa.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

“Kaka, mpishe bibi hapo karibu na mlango. Utapata nyuma.”

Yule kaka akasimama bila neno. Konda akagonga bodi mara mbili kwa kiganja, tukaondoka.

Huyu kijana hakuwa na kalamu wala karatasi. Kufika Lukozi, kunakokusanyika mboga za upande huu wote wa mlima, alikuwa amepokea nauli za watu zaidi ya 30, kila mmoja na kituo chake na chenji yake, na juu ya hayo alikuwa amebeba amana. Dawa za mzee anayesubiri kwenye kona ya mkaratusi. Pesa zilizokunjwa ndani ya bahasha, za ada ya mtoto Lushoto. Ufunguo wa duka. Tulipofika kwenye mkaratusi basi halikusimama kabisa. Lilipunguza tu mwendo, mkono ukatoka mlangoni, mkono mwingine ukapokea kutoka gizani. Nimefanya kazi na watu wenye shahada na kompyuta wanaopoteza bahasha kwenye meza zao wenyewe. Ndiyo maana kumbukumbu ya konda wa milimani siichukulii kuwa jambo dogo. Ni elimu, na huchukua miaka kuipata.

Barabara ya juu ni ya udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, magari yaliyotangulia huchimba mifereji miwili, na mgeni huona ni busara kuifuata. Dereva wetu alipanda matuta katikati ya mifereji, tairi za kushoto zikitembea kwenye majani ya ukingoni, kwa sababu majani hushika na tope haliishiki tairi. Usukani hakuukamata kwa nguvu. Aliuacha ucheze kidogo viganjani, akiisikia ardhi kupitia humo.

Msituni Magamba ukungu ulizidi hadi taa zikawa zinaangaza weupe mtupu. Hapo nikaona jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Kila kona ilipokaribia, dereva alizima redio, akateremsha kioo, akapiga honi fupi, kisha akasikiliza. Honi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kimya kinachofuata, muda wa pumzi mbili, ambamo gari linalopanda litajibu au litanguruma. Abiria nao walijua. Mazungumzo yalikatika yenyewe kila redio ilipozimwa.

Kona moja ikajibu. Lori la mbao lilikuwa linapanda, nasi tulikuwa tunashuka, na njia ilikuwa ya gari moja. Kwa desturi ya mlimani anayeshuka humpisha anayepanda, kwa kuwa mwenye mzigo akisimama kwenye mwinuko huenda asiweze kuondoka tena. Basi letu likalazimika kurudi nyuma, juu, gizani. Konda na utingo wakaruka chini. Utingo alitembea pembeni ya tairi la nyuma akiwa na jiwe mkononi, tayari kuliweka. Konda akasimama pale dereva anapomwona kwenye kioo. “Njoo, njoo. Kata kulia. Kata, kata. Nyoosha. Njoo. Basi!” Sauti yake haikupanda hata mara moja, ingawa kutoka kisigino chake hadi korongoni hapakuzidi hatua mbili. Lori likapita kwa upana wa kiganja, madereva wakasalimiana. Utingo, kabla ya kupanda, akalirudisha jiwe ukingoni. Jiwe lililoachwa barabarani linaweza kumuua mwendesha bodaboda anayekuja nyuma, na nimewahi kumsikia dereva mmoja akimfukuza kazi kijana wake kwa kosa hilo tu.

Lushoto tulifika kumekucha. Kuanzia hapo ni lami, na abiria wengi hulegea, wengine husinzia. Mimi ndipo ninapokaa vizuri kitini. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, enzi za Wajerumani, ambao waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal. Njia ya kuteremkia relini inajipinda ubavuni mwa mlima, inapita Soni penye maporomoko, na katika kilomita 30 na ushee inashuka karibu mita 1,000. Kwenye udongo barabara yenyewe inakulazimisha kwenda polepole. Lami inakubembeleza.

Mtu akitaka kuujua uzito wa kazi hii, na apige hesabu. Basi la tani 10 likishuka mita 1,000, nguvu yote ya ule mwinuko lazima igeuke kitu kingine, na ikiachiwa breki peke yake hugeuka joto: joto la kuchemsha pipa zima la maji la lita 200, na kubaki. Hakuna breki ya ngoma inayomeza moto huo ikabaki salama. Huanza kunuka, kisha kanyagio linalainika, kisha halikamati.

Kwa hiyo dereva wetu hakusubiri mteremko uanze. Kabla ya kilele alikwisha kuingiza gia nzito, ile ambayo angeitumia kupanda palepale, na akawasha swichi inayobana bomba la ekzosi ili injini ijikabe yenyewe. Injini ikatoa mguno mzito, na mguno huo hakuuacha upande wala ushuke. Ulipopanda kidogo, mguu uligusa breki kwa nguvu, mara moja, kisha ukaachia kabisa breki zipate upepo. Kugusa, kuachia. Kati ya mguso na mguso nilihesabu kona nne, mara moja tano. Kuna wanaoshuka mlima huu kwa frii ili kubana dizeli, gari likiteleza kimya kama mzigo uliodondoka, na abiria wakifurahia kuwahi. Watu hao siwezi kuwaita madereva, hata wawe wamefika salama mara elfu.

Chini ya Soni hewa ilianza kuwa nzito. Masweta yakavuliwa. Wasambaa huitofautisha Shambaai, nchi yao ya juu, na nyika iliyo chini, na ndani ya basi tofauti hiyo unaivuka kwa ngozi: dirisha lililofungwa kwa baridi saa moja iliyopita sasa kila mtu analigombea. Mguno wa injini ulikuwa uleule.

Mombo, wauza matunda walitukimbilia madirishani. Konda alimteremsha bibi, akamkabidhi mkongojo wake. Dereva alishuka upande wake, akajinyoosha mgongo, akazunguka hadi gurudumu la nyuma. Akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya rimu. Akakiacha hapo kwa muda, akiongea na muuza chai.