Tazama Mikono Kwanza

Riwaya ya katuni ya shujaa wa vijana inayosifiwa kwa rangi zake tu haijasomwa. Msifiaji ameona joho linapepea, ngumi imechomoza nje ya fremu, msichana wa kidato cha pili ameokolewa kutoka katika matatizo yake yote katika kurasa mbili, akatangaza kazi kubwa. Kijana wa Kayanga au Nkwenda, mkoani Kagera, anastahili kitabu bora kuliko hicho.

Mjuzi huanza na mikono. Uso hughushiwa kirahisi: machozi mawili na nyusi zilizokunjwa zinatosha. Mkono ni mgumu, ndiyo maana mchoraji mlaghai huuficha mfukoni, nyuma ya mgongo au chini ya joho, ama huikata fremu kwenye kifundo. Wengine hunakili ngumi za katuni za Marekani, bibi, mwalimu na jambazi wakawa na ngumi moja. Zitafute fremu ambazo vidole vyote vinaonekana vikifanya kazi isiyo ya kupigana. Zikikosekana, kiache kitabu.

Mchoraji Steve Ditko, aliyembuni Spider-Man pamoja na Stan Lee mwaka 1962, alisifika kwa mikono. Vidole vya Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, hujikunja na kusita, na hata barakoa ikivuliwa msomaji huona kwamba mvulana huyu wa sekondari anaficha jambo. Kwa msingi huo, mwaka 1971, chini ya wachoraji wengine, shujaa yuleyule aliweza kubeba hadithi ya dawa za kulevya, iliyochapishwa bila muhuri wa wakaguzi wa katuni.

Katika wilaya za Kagera kama Karagwe na Kyerwa, kipimo ni kikali zaidi. Binti anayemenya ndizi kila jioni ana weusi wa utomvu vidoleni. Anayemchorea mikono safi kama ya tangazo la sabuni hajawahi kukaa naye jikoni, na hofu yake ataichora kwa kubahatisha.

Nguvu za ajabu nazo zitoke hapa. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa Rumanyika, Omukama (mfalme) wa Karagwe, mwaka 1861, alisimuliwa jinsi mrithi alivyopatikana: ngoma ndogo iliwekwa mbele ya wana wa mfalme, na aliyekubaliwa na mizimu ndiye pekee aliyeweza kuinyanyua. Mkono tena! Joho halihitajiki. Boyie wa Shujaaz, jarida lililoanza Kenya mwaka 2010, hana joho. Ana redio ya siri chumbani. Na zamani zile za Sani, jarida la katuni la Tanzania, wino mweusi ulitosha kumfanya mhusika wake Ndumilakuwili afahamike nchi nzima.

Mada nzito hazipigwi ngumi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kuchora virusi kama zimwi linalokufa kwa pigo moja ni kuzidharau familia za mkoa huu. Kuhusu mimba za wanafunzi, Serikali ilitangaza Novemba 2021 kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi shuleni. Hadithi inayomwacha nje ya geti la shule, bila hata kumtajia njia hiyo, irudishwe kwa mwandishi kabla mchoraji hajaanza.