Pongezi kwa Mafundi wa Waya wa Kitale na Bungoma

Gari linapopanda kutoka Bungoma kwenda Kitale, likaanza kukohoa na taa ya injini ikawaka, aghalabu mwenyewe hukimbilia kununua sensa mpya. Lakini fundi wa waya aliyebobea, ambaye ndiye nimsifuye kwa dhati ya moyo wangu, hushika kwanza mita yake, akahakikisha kwamba volti 5 zitokazo katika kompyuta ya injini zinaifikia soketi ya sensa, na kwamba waya wa kurudishia umeme ni salama. Hapo ndipo penye hekima ya kazi hii, kwani msimbo wa hitilafu usomwao na mashine hutaja saketi iliyolalamika, wala haumtaji mkosa.

Sensa ya joto la maji, mathalan, ambayo katika magari mengi huwa na takriban omu 2,500 kwa nyuzi 20, yapasa kushuka hadi karibu omu 300 kwa nyuzi 80. Ikishuka sawasawa, haina hatia, naye fundi huufuata waya taratibu, shubiri kwa shubiri, hata aone ulipotafunwa na panya au pini ilipoliwa na kutu ya kijani. Nimewaona wakiinama saa nzima kwa ajili ya kipande cha waya cha shilingi chache, kisha wakamwambia mwenye matatu azirudishe mfukoni fedha alizokwisha kuiandalia sensa.