Mbwa ya namba 78

Kisha kila miezi kidogo kuko orodha moja yenye inarudi mu matelefone yetu: mbwa zenye akili mingi duniani, toka ya kwanza mpaka ya mwisho. Border Collie iko juu, kisha Poodle, kisha berje ya Ujerumani. Bantu banaisoma, na mara moja mazungumuzo inageuka kuwa bei ya mutoto ya berje hapa Likasi. Kidogo tu njo banauliza orodha inatoka wapi.

Inatoka mu kitabu ya Stanley Coren, mwenye alikuwa mwalimu wa saikoloji ku Universite ya British Columbia, Canada. Kitabu inaitwa The Intelligence of Dogs, ya mwaka 1994. Mu kitabu ile kuko vitu viwili, na havina uzito moja. Kile chenye kilipata sifa, ni orodha, na njo dhaifu. Kile chenye hakuna mutu anatumia mwenzake, ni michezo ya kufanya na mbwa ndani ya nyumba, na njo cha maana.

Tuanze na orodha. Coren hakupima zile mbwa yeye mwenyewe. Aliandikia bahakimu ba mashindano ya utii ya mbwa, Marekani na Canada, na 199 bakamujibu. Mbwa ya kikundi cha juu inaelewa amri mupya mbele ya kuirudilia mara 5, na inatii ku amri ya kwanza mara 95 ku 100 ao zaidi. Ya kikundi cha chini inaomba mara 80 mpaka 100, na inatii mara 25 ku 100 ao chini.

Tumupe mwandishi haki yake: anatenganisha akili tatu. Kuko ile yenye kabila ya mbwa inazaliwa nayo, kuko ya kujifunza na kutatua shida yenyewe, na kuko ya kutumika na kutii. Orodha inapima ya tatu peke yake. Lakini ku ganda ya kitabu neno ni "akili" tu, na bantu banabeba ganda, banaacha maelezo.

Sasa mushuke mpaka chini ya orodha. Kati ya nafasi 79, ya 78 ni ya Basenji. Ile mbwa ni ya kwetu, ya Kongo. Mu 1937 ilionyeshwa ku maonyesho ya Crufts, London, na Bazungu bakashangaa juu haibweki sawa mbwa zingine. Kwao huku, bawindaji banaifunga kengele ya muti ku shingo, inaingia mu pori na kusukuma nyama kwenda ku wavu. Mule ndani hakuna mutu wa kuipa amri. Inaamua yenyewe. Kuipima kwa utii ni sawa kupima muhogo kwa kuhesabu mbegu za mukungu: utasema muhogo hauzai kitu, na mizizi iko chini ya udongo.

Na jina lenyewe, hatuna lazima ya kamusi ili tulisikie. Basenji, bashenji. Wakati wa Bubeleji, wakati muji yetu ilikuwa inaitwa Jadotville, neno ile ilikuwa ya bantu ba mu kijiji. Ngambo ingine kulikuwa baevolue. Mu 1948 balileta karte ya mérite civique, mu 1952 bakaleta immatriculation, na komisyo ilifika mpaka mu nyumba ya mutu kuangalia vile anaishi. Kipimo kilikuwa moja tu: unafanana na mwenye kukupima, ao hapana? Sisemi Coren alikuwa na nia ile. Nasema siye, batoto ba ile historia, tulipashwa kuwa ba kwanza kuuliza nani anashika muzani.

Kuko shahidi wa pili, namba 74: Bloodhound. Kufwata orodha, ile mbwa iko karibu na mwisho kabisa. Lakini wakati Parc des Virunga ilitafuta mbwa za kufwata nyayo za bawindaji haramu, ilichagua njo Bloodhound, na balinzi ba ku Rumangabo balizifunza na kutembea nazo mu pori. Hakuna aliyeuliza mbwa inakaa chini ku amri ya ngapi. Baliuliza pua yake.

Shahidi wa tatu ni wa kazi yetu siye ba agronomi. Basenji ya Ulaya na Marekani ilizaliwa toka mbwa kidogo sana, na ugonjwa ya figo ya kurithi ikaienea. Mu miaka ya 1980 Bamarekani bakarudi Zaire kutafuta mbwa mu vijiji, na mu 1990 kitabu cha ukoo cha Marekani kikafunguliwa kwa damu ile mupya. Mushenji akaitwa kusaidia ndugu yake evolue. Kila mutu aliyesoma mbegu za asili anajua ile hadisi.

Tuje ku michezo. Coren anatoa majaribio 12 ya kufanya ku nyumba, na mingi haiombe kununua kitu. Weka kipande ya chakula chini ya kopo, mbwa ikiona, uhesabu sekunde. Ficha kipande mu kona ya chumba, toka nayo inje kidogo, rudi nayo: inakumbuka kona? Weka kipande chini ya ubao wenye kichwa hakipite: itatumia mukono? Tupa taulo ku kichwa yake: itajitosha kwa wakati gani?

Kuko kasoro mbili. Ya kwanza ni alama: mbwa inajifunza mara moja, ukirudilia muchezo kesho pointi haina maana tena. Lakini kile chenye kinaharibu mutihani njo kinafanya muchezo kuwa somo. Ya pili: Coren anawaza mbwa yenye imezoea salon. Hapa kwetu mbwa kuingia mu nyumba ni sababu ya kugombana. Basi mufanyie ku baraza ao mu kikoni, zaidi wakati wa mvula. Na taulo muache: mbwa yenye ilikaa ku munyororo tangu bwana yake aliinunua, ukiifunika macho, itakuluma, na itakuwa na haki. Batoto bacheze na mukubwa pembeni, na chanjo ya kichaa cha mbwa itangulie yote.

Najua jibu: "Imbwa ni ya kulinda, hapana ya kuchezesha." Lakini mbwa ya munyororo inabwekea mwizi, muuza maandazi na shangazi kwa sauti moja. Haijatofautisha kitu, juu hakuna aliyeifunza kutofautisha. Na muchezo hauongeze matumizi: ni bukari ile ile yenye ungeitupia chini, sasa inaitafuta. Dakika kumi, na wewe nawe unafunzwa: unajua kama mbwa yako ni ya pua, ya macho ao ya kukumbuka. Ile njo kalasi ya wawili, mbwa na mwenyewe.

Basi, mwenye atapata kitabu, aruke orodha na afungue kurasa za michezo. Na mwenye kuko na mbwa ya hapa hapa mu parsele, asitafute namba yake ku orodha ya Coren. Aweke kopo moja chini, akae kimya, aangalie.