Pembe, Bikira na Njia ya Urambo

Tunapoichambua sanaa ya Kikristo, kwa kawaida huuliza kazi inaonyesha nini. Ni mara chache huuliza imetengenezwa kwa kitu gani. Makala haya yanakusudia kuliweka swali hilo la pili mbele ya sanamu moja mashuhuri: Bikira na Mtoto wa Sainte-Chapelle, iliyochongwa Paris mnamo miaka ya 1260, na ambayo sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Louvre.

Sanamu hiyo, yenye kimo cha sentimeta 41, imechongwa kwa pembe ya ndovu. Mariamu amesimama, amembeba Mwanawe, na mikunjo ya vazi lake inateremka kwa utulivu. Uzuri wake haukanushiki. Lakini weupe tunaouona kuwa ishara ya usafi wa Bikira ulikuwa kwanza jino la mnyama. Katika picha nyingi za Krismasi ng'ombe na punda husimama horini kama mashahidi. Hapa ndovu hakualikwa kushuhudia, ametolewa kuwa malighafi. Fundi amehubiri vema kwamba Neno alifanyika mwili, ila amenyamaza juu ya mwili uliolipa gharama ya mahubiri hayo.

Msomaji wa Urambo hawezi kuitazama sanamu hiyo kama mgeni. Katika karne ya 19 pembe zilipita kwao mabegani mwa wapagazi kuelekea pwani, na Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alipata nguvu kwa kuitawala njia hiyo. Kwa njia hiyohiyo Injili iliingia: wamisionari wa London mwaka 1879, kisha ndugu zetu Wamoravian mwaka 1898.

Leo Urambo hulima tumbaku, nayo tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni za miombo. Katika misitu hiyohiyo hukatwa mninga, ambao unaweza kuwa msalaba wa madhabahuni. Mchungaji anayeuagiza msalaba huo amesimama mahali pa fundi wa Paris. Paulo asema viumbe vyote vinaugua (Warumi 8:22). Naye Luther, akieleza kifungu cha kwanza cha Imani, anajihesabu pamoja na viumbe vyote. Basi kabla ya kuuweka wakfu msalaba, mchungaji na ajue mti ulikatwa wapi, na usharika upande mwingine. Hapo sanaa yetu itaiungama Imani yote, tangu kifungu chake cha kwanza.